Sproketi nyepesi za mbele kwa baiskeli ya mbio yenye gia za umeme

Gia za umeme hapa si baiskeli ya umeme. Ni baiskeli ya mbio ya kukanyaga kama nyingine, ila cheni huhamishwa na mota ndogo inayotumia betri: Di2 ya Shimano, eTap AXS ya SRAM na wenzao. Anayetaka kupunguza uzito hukimbilia sproketi za mbele, yale magurudumu ya meno yaliyo kwenye pedeli, kwa sababu zinaonekana na zinapendeza. Ukweli ni kwamba jozi nyepesi ikilinganishwa na jozi nzuri ya kiwandani huokoa makumi ya gramu tu, mara nyingi chini ya uzito wa yai la kuku. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 500. Basi gramu ziwe swali la mwisho. Ukizifanya la kwanza, utalipa mara mbili: sproketi yenyewe, kisha nauli ya kuirudisha Dar kwa basi.

Kwa nini gia za umeme ni ngumu kuliko gia za waya katika jambo hili? Mkono unaovuta waya husikia cheni ikikwama, ukalegeza au ukaongeza nguvu. Mota haisikii. Imepangiwa kusogea umbali fulani, nayo itausogea kwa nguvu ileile, hata kama umesimama juu ya pedeli. Cheni inapopanda kutoka sproketi ndogo kwenda kubwa huisukuma ile kubwa kwa ubavu. Sproketi iliyochongwa matundu mengi ili iwe nyepesi hupinda kidogo, cheni inakosa ngazi zake, kisha inaserereka katikati ya sproketi mbili au inarukia nje upande wa mkono wa pedeli. Geuza sproketi kubwa uangalie upande wa ndani: lazima kuwe na vijiti vya chuma vya kuinua cheni na mitaro iliyochongwa chini ya meno. Isiyo navyo ni ya sproketi moja peke yake au ya mapambo. Iache.

Kisha ulinganifu. Soma namba zilizochongwa nyuma ya sproketi ya zamani: meno, idadi ya gia za nyuma (11 au 12), na kipenyo cha duara la bolti. Krenki (mikono ya pedeli pamoja na sehemu inayobeba sproketi) za barabara za Shimano zenye mikono minne ya kushikia sproketi zina duara la milimita 110, lakini mikono haijapangwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo sproketi ya 110 yenye mikono mitano haiingii. Uzuri wake ni kwamba krenki hiyohiyo hupokea 50-34 au 52-36 (meno ya kubwa, kisha ya ndogo). Kwa SRAM AXS za barabara mambo ni magumu zaidi: cheni yake ya mgongo bapa ina rola nene kuliko kawaida, na tofauti ya meno kati ya kubwa na ndogo ni 13 (50-37, 48-35, 46-33). Sproketi ya kawaida haikai sawasawa na cheni hiyo, hata ikiwa nyepesi namna gani. Shimano huvumilia tofauti hadi meno 16.

Za umbo la yai tunashauri uziepuke kwenye gia za umeme. Kila zikizunguka, umbali kati ya meno na kihamisha cheni (kifaa kinachosukuma cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine) hubadilika, na mota haina namna ya kufuata.

Idadi ya meno ina faida kubwa kuliko gramu zote. Barabara ya Mtwara, Mikindani, Mingoyo hadi Lindi haina mlima wa kukuvunja moyo, lakini upepo upo. Kusi ikivuma, anayerudi Mtwara kutoka Lindi anaikuta usoni. Kwenye 50 mbele na 17 nyuma, ukizungusha pedeli mara 90 kwa dakika unakwenda kama kilomita 33 kwa saa. Kwa 52 ni karibu 35. Ukiwa na uwezo wa kushika mwendo huo dhidi ya kusi, nunua 52. Wengi hawana, na si aibu. Kwa anayepanda Newala, uwanda wa Makonde unaadhibu: 34 mbele na 34 nyuma hukupeleka mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, wakati 36 kwa 30 ni mita 2.5. Ukichoka hadi mizunguko 60 kwa dakika, ya kwanza inakuacha kwenye kilomita 7.5 kwa saa bila kushuka. Ya pili inadai 9.

Malighafi nzuri ni aluminiamu ya 7075, moja ya aina za aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Ni ngumu, meno hayaliki haraka, ila huliwa na chumvi kuliko aluminiamu laini ya 6061. Pwani yetu haisamehe, hasa ukitoka Msimbati na mchanga umeganda kwenye grisi. Chagua iliyopakwa ngozi ngumu ya kiwandani, si iliyong'arishwa mtupu. Titani haiozi, lakini ni nzito kuliko aluminiamu kwa ujazo uleule. Inafaa kwenye sproketi ndogo, ambayo meno yake machache huisha mapema. Kabla ya kulipa, omba ipimwe pamoja na bolti zake kwenye mizani ya sonara. Uzito wa kwenye tangazo mara nyingi hauhesabu bolti.

Kufunga. Pima cheni kwanza: ikiwa imerefuka asilimia 0.5, badilisha, maana cheni kuukuu itakula meno mapya. Safisha mikono ya krenki, paka grisi kwenye nyuzi za bolti. Alama ya sproketi ndogo ielekee mkono wa pedeli, na kijiti kinachotokeza kwenye sproketi kubwa kikae nyuma ya mkono huo. Kazi yake ni kuzuia cheni isizame pale. Ukizungusha hata tundu moja, ngazi zote za kupandishia cheni zinakuwa mahali pasipo pake, na hakuna marekebisho ya programu yatakayoponya. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Bolti za Shimano za mikono minne zinatumia spana ya nyota T30 na mkazo wa nyutonimita 12 hadi 14. Bolti nyepesi za aluminiamu zina kipimo chao kidogo zaidi, fuata kilichoandikwa na mtengenezaji.

Hapa ndipo wengi hukosea: kila jino linaloongezeka hunyanyua ukingo wa sproketi milimita 2. Ukitoka 50 kwenda 52, kihamisha cheni kipandishwe milimita 4. Nafasi kati ya bamba lake la nje na ncha za meno iwe milimita 1 hadi 3, na bamba liwe sambamba na sproketi. Ikizidi, cheni inachelewa, ikipungua, inakwaruza. Halafu weka cheni kwenye sproketi kubwa kuliko zote, mbele na nyuma, ukizungusha taratibu kwa mkono. Kihamisha cha nyuma kikinyooka kama kimevutwa, cheni ni fupi, usiijaribu barabarani.

Kwenye Di2, fungua E-Tube Project, programu ya Shimano ya kupanga gia, ujaze idadi mpya ya meno, hasa kama unatumia mfumo unaobadili mbele na nyuma wenyewe, kisha urekebishe mipaka ya kihamisha. Jaribu mara 20 ukiwa umesimamisha baiskeli, halafu mara 20 nyingine kwenye kilima kifupi ukiwa unakanyaga kweli. Baada ya kilomita 50 za kwanza rudia kukaza bolti. Ukirudi kutoka ufukweni, osha kwa maji matamu siku hiyohiyo. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai.