Kuuza vitabu vyenye saini ya mwandishi: kula cha juu bila kumpiga mtu

Nyie mnaochambua vitabu vya zamani pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, af mnavipandisha mtandaoni, cha juu sio dhambi, umehangaika juani na jicho ni lako, ila uwe na uwezo wa kumwambia aliyekuuzia bei uliyouzia bila kukwepa macho yake.

Pagumu ni kwa familia. Mwalimu mstaafu kafariki, mama anatoa boksi la vitabu Kirumba huko apunguze vitu ndani, unafungua unakutana na Rosa Mistika ya Kezilahabi, toleo la 1971, ukurasa wa mbele saini ya biki na jina la marehemu. Jamani usimpe elfu tano ukasepa. Mwambie mama hiki kina saini, mwandishi alifariki 2020 kwahiyo hazitaongezeka tena, niachie nikuuzie halafu mi nichukue asilimia 20, na muandikishane mbele ya mwanae mkubwa. Kabla ya yote muulize kama kweli anataka kiondoke maana kuna mtu akiona jina la mumewe kwenye mwandiko ule anaghairi, na akighairi muache nacho. Hilo jina usilifute wala kuchana ukurasa eti kiuzike haraka, ni historia ya kitabu.

Machinga wa vitabu ni mfanyabiashara, bei kapanga mwenyewe, lipa. Akikuuliza kina nini usimdanganye, na kikikutoa vizuri rudi umtoe na yeye.

Chenye muhuri wa maktaba au shule na hakuna muhuri wa kukiondoa, kirudishe. Hapo hakuna mjadala.

Kwa mnunuzi sasa, saini feki zipo. Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzake Kezilahabi, riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, wachapishaji Tanzania Publishing House (TPH) waliitoa kwa Kiswahili na tarehe ya 1980, lakini nakala zinafika mwenyewe keshafariki, 1981, kwahiyo ukiletewa nakala ya toleo hilo "imesainiwa na mzee" usiiuze kwa jina lake hata iwe nzuri vipi. Nyingine geuza ukurasa upapase nyuma, biki mara nyingi inaacha mkandamizo, saini ya kuchapwa haiachi. Una mashaka? Yaandike kwenye posti, na upige picha mpaka pale mchwa walipokula.

Mwandishi akiwa hai usijifanye shabiki umpelekee rundo, kitabu kikiuzwa mara ya pili yeye hapati hata mia. Mwambie ni vya biashara, akikataa mpe kile kimoja chako cha kusoma asaini hicho.