Namna ya Kumhudumia Nyumbani Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi

Wazazi wengi ninaowahudumia kliniki huja wakiwa tayari na dawa sahihi mkononi, ila hawajaelekezwa ipakwe kiasi gani na kwa muda gani. Pumu ya ngozi, yaani ukurutu, haiambukizi, na ingawa hatuna dawa ya kuimaliza moja kwa moja, inatulizika vizuri.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo ndilo hilo. Kwa mtoto mchanga huanzia zaidi mashavuni, na kwa aliyekua hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tazama mabaka makavu ya kijivu au meusi kuliko ngozi ya pembeni, yenye vipele vidogo vidogo. Ikiwa na wengine nyumbani wanajikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huenda ni upele wa kuambukiza (skabisi), ambao tiba yake ni tofauti kabisa na huwahusu wote wanaoishi pamoja.

Hatua ya pili, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, bila dodoki wala sabuni yenye manukato. Mkaushe pasipo kumsugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima. Fanya hivyo kila siku, hata mabaka yanapotoweka, kwa sababu ngozi yake haishiki maji na hupenyeza viwasho kwa urahisi. Mtoto anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Kopo dogo likikaa miezi, anapakwa kidogo mno.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Baada ya kama nusu saa, paka krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kwenye mabaka tu. Ikamue kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza: kiasi hicho hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Usoni kwa kawaida hutumika haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu. Mwilini daktari anaweza kuandika yenye nguvu zaidi. Endelea kama ulivyoandikiwa mpaka ngozi ilainike na mwasho ukome. Wengi huacha siku ya pili kwa hofu, mabaka yakarudi, wakaamini kwamba dawa haifai. Hofu hiyo ina msingi, kwani krimu za klobetasoli, steroidi kali sana, zinazopakwa ovyo ili kung'arisha ngozi huifanya iwe nyembamba. Lakini dawa iliyopangiwa sehemu yake na muda wake ni salama kuliko kumwacha mtoto ajikune usiku kucha.

Mkate kucha na umvishe nguo za pamba. Ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, homa, au vidonda vidogo vya mviringo vinavyouma na kuenea haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.