Namna ya Kufundisha Usanifu kwa Vikundi Kupitia Kibuyu Chirizi

Mwalimu anayetaka kufundisha usanifu, yaani kubuni kifaa kinachotatua tatizo la mtumiaji, asianze kwa kuandika fasili yake ubaoni. Aanze na tatizo lililopo shuleni, ambalo wanafunzi wanaliona kila siku na wanaweza kulishughulikia kwa vifaa walivyo navyo. Katika shule isiyo na bomba karibu na vyoo, ninapendekeza suala la kunawa mikono, kwa kuwa dumu la lita 5, kamba, msumari, fito na miti miwili yenye panda hupatikana karibu kila mahali.

Hata hivyo, usiwatajie kibuyu chirizi, yaani dumu lililotundikwa ambalo huinamishwa kwa kukanyaga kijiti ili litoe maji ya kunawa. Ukishasema kwamba leo tutatengeneza kibuyu chirizi, somo la usanifu limekwisha na kilichobaki ni kazi za mikono. Waulize hivi: mtoto wa darasa la kwanza atawezaje kunawa peke yake, kwa maji kidogo, bila kugusa chombo kilichoguswa na wenzake? Swali la namna hii lina mipaka iliyo wazi, lakini haliwafungii jibu moja.

Gawa darasa katika vikundi vya watu wanne au watano, ukiwachanganya wepesi wa kusema na wakimya, wavulana na wasichana. Kazi yao ya kwanza ni kutoka nje na kuuliza: wazungumze na watoto wadogo, na wanaochota maji, na mwanafunzi mwenye ulemavu kama yupo, kisha wapime kimo ambacho mkono wa mtoto unafika bila kujinyoosha. Waandike walichokiona na kukisikia, na wanachokidhania wakiandike kando. Usiharakishe hatua hii, maana kikundi kisichomjua mtumiaji wake kitajitengenezea chombo chake chenyewe.

Wakirudi darasani, kila mmoja achore mawazo yake kimya kwa dakika tano kabla ya yeyote kuzungumza. Bila utaratibu huu mwenye sauti kubwa ndiye atakayesanifu, na wengine watabaki kumshikia rula. Michoro yote ibandikwe kwenye karatasi ya manila, na anayetaka kusema aongezee wazo la mwenzake kabla ya kulikosoa. Uchaguzi ufuate vigezo walivyovitoa wao wenyewe kutokana na yale waliyoyasikia nje.

Kisha watengeneze sampuli haraka, hata kama haijapendeza, na wamwite mtoto aijaribu. Tuseme kikundi kimetundika dumu kwa mshikio wake kwenye fito, kikalitoboa karibu na shingo kwa msumari uliopashwa moto, kikafunga kamba kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto anakanyaga, lakini kijiti kinagusa ardhi kabla dumu halijainama, kwa sababu kamba ni ndefu mno. Wanaifupisha, sasa maji yanatoka, lakini yanaruka miguuni na kufanya tope, hivyo panahitajika changarawe. Mwenzao anayetumia kiti cha magurudumu naye hawezi kukanyaga, basi wafikirie namna ya kulivuta dumu kwa kiwiko. Hapa ndipo mwalimu anaposhawishika kushika kamba na kuifunga mwenyewe. Ajizuie, aulize tu: mmeona nini, na mtabadilisha nini kwanza?

Baada ya majaribio hayo, simulia habari ya jiko la udongo la Kenya lililoenea katika miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini halikunakiliwa tu: wahandisi, mafundi wa jua kali (wa karakana ndogo zisizo rasmi) na wapishi walilirekebisha mpaka likapata umbo lenye kiuno chembamba, bati likiwa nje na udongo ukibaki sehemu ya juu tu. Ukiisimulia mapema, wanafunzi wataichukua kuwa historia. Ukiisimulia sasa, watawatambua mafundi hao kuwa wenzao wa kazi.

Katika kutoa alama, usiangalie kifaa cha mwisho pekee. Kusanya pia maelezo ya mahojiano, michoro iliyoachwa na orodha ya mabadiliko yaliyofanywa baada ya kila jaribio. Kila mwanafunzi aandike ukurasa wake akieleza badiliko moja lilivyotokea na ni nani aliyelisababisha, ili pasiwe na anayejificha nyuma ya kikundi, wala pasiwe na mchango wa mkimya unaopotea.

Mwezi mmoja baadaye, warudishe vikundi kwenye vifaa vyao. Wakikuta dumu halina maji, wachunguze kama kasoro iko kwenye kifaa au kwenye zamu ya kuchota maji, kisha waketi na wanaochota na kuipanga zamu hiyo upya.