Somo: Kufufua mazabodi iliyozimika katikati ya kusasisha BIOS

Wiki iliyopita binti mmoja, mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, aliniletea laptopu kaifunga kwenye khanga. Ukiiwasha, taa inawaka, feni inazunguka sekunde mbili, inazima, kisha inaanza upya. Kioo cheusi tii. Alikuwa anasasisha BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, huku betri imeshachoka na anategemea umeme wa ukutani, na umeme ukakatika. Fundi wa kwanza alimwambia mazabodi imekufa, anunue nyingine.

Haikuwa imekufa. Kilichoharibika ni hiyo BIOS iliyohifadhiwa kwenye chipu moja ya miguu minane, yenye ukubwa wa punje ya hindi. Inaniuma kuona mtu anatoa hela ya mazabodi nzima kwa sababu ya chipu hiyo, ndiyo maana naandika somo hili.

Kwanza, jaribu njia ya mtengenezaji

Usifungue kitu bado. Pakua faili la BIOS la modeli yako kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji, uliweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32.

HP: shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde mbili tatu, kiachie, ila hivyo viwili endelea kuvishikilia. Dell za kuanzia mwishoni mwa 2015: zima, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja. Kwa kompyuta za mezani, angalia nyuma kama kuna kitufe cha kuflashi BIOS. MSI wanataka faili liitwe MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin. Mazabodi nyingi zenye kitufe hicho hazihitaji hata prosesa wala RAM, umeme wa pawasaplai tu unatosha.

Ikikubali, umemaliza. Ya yule binti ilikataa.

Pili, chipu yenyewe

Utahitaji programa ya CH341A (kifaa kidogo cha USB cha kusoma na kuandika chipu), klipu ya miguu minane ya kubana chipu hiyo, multimeta, na kompyuta nyingine. Chomoa chaja, chomoa betri kubwa, chomoa na ile ndogo ya duara, CR2032. Zote tatu.

Kiangazi hiki hewa yetu ni kavu mno, ukivua sweta usiku unasikia cheche. Cheche hiyo hiyo inaua chipu. Gusa chuma kilichoungwa na ardhi kabla ya kushika mazabodi, na usifanyie kazi juu ya zulia. Halafu futa vumbi kwenye miguu ya chipu kwa brashi laini. Klipu ikikaa juu ya vumbi inasoma uongo.

Sasa soma maandishi juu ya chipu, kwa tochi ya simu ukiiinamisha pembeni. Hapa watu wengi wanaharibu. W25Q64FV ni ya volti 3.3. W25Q64FW, herufi moja tu tofauti, ni ya volti 1.8, na ukiipa 3.3 unaweza kuiunguza. Ya 1.8 inahitaji adapta yake kati ya programa na klipu.

Kidoti kwenye chipu kinaonyesha mguu wa kwanza. Waya mwekundu wa klipu unakaa hapo.

Tatu, soma kabla ya kuandika

Hata kama yaliyomo ndani ya chipu yameharibika, yahifadhi. Humo mna namba ya mashine, ufunguo wa Windows, na kwa baadhi ya mashine anwani ya mtandao. Ukivifuta bila nakala, kuvirudisha ni kazi. Kwenye Linux, kwa programu ya flashrom, soma mara mbili kisha linganisha:

flashrom -p ch341a_spi -r asili1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r asili2.bin
sha256sum asili1.bin asili2.bin

Namba mbili zinazotoka lazima zifanane herufi kwa herufi. Zisipofanana, klipu haijakaa vizuri, itoe uirudishe. Mimi kwa yule binti niliirudisha mara tano, mkono ukatulia, ndipo zikafanana. Usiandike chochote kabla ya hapo.

Nne, andaa faili na uandike

Faili la mtengenezaji mara nyingi lina kichwa cha ziada mbele, au ni sehemu tu ya BIOS. Lifungue kwa programu ya UEFITool, toa sehemu ya BIOS, uipandikize kwenye nakala yako ya asili, usiguse sehemu nyingine. Faili la mwisho lazima lilingane na chipu: megabaiti 8 ni baiti 8,388,608 kamili, 16 ni 16,777,216. Kisha:

flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin

Subiri mpaka iseme imehakiki. Toa klipu, rudisha betri, washa. Mara ya kwanza kioo kinaweza kuchelewa dakika moja au zaidi. Usizime.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Kondoa:* Mkuu, nasikia CH341A nyeusi inatoa volti 5. Kweli?

Kweli kabisa, kaka. Mguu wa umeme unatoa 3.3, lakini kwenye nyingi ya zile nyeusi waya za data zinatoa 5. Chipu nyingi zinavumilia, ila usibahatishe, pima kwa multimeta kwanza.

*Mdau wa Singida:* Fundi, niliweka faili nililopewa na rafiki. Laptopu imewaka, ila ikifika nusu saa inazima yenyewe. Joto liko sawa.

Hiyo ni sehemu ya ME (Management Engine, programu ya Intel iliyomo kwenye chipu hiyo hiyo), kama mashine ni ya Intel. Ya rafiki yako haikubaliani na mazabodi yako, ndiyo maana inazima kwenye dakika 30. Kama ulihifadhi nakala yako ya asili, chukua ME ya humo. Kama hukuhifadhi, utatafuta ME safi ya toleo lile lile.

*Mdau wa Manyoni:* Samahani fundi, mimi nina tasnifu humo ndani na sijaihifadhi popote. Nikifanya haya nitaipoteza?

Hapana, dada. Chipu ya BIOS na diski ni vitu viwili mbalimbali, kazi yako haiguswi. Ila kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa, Windows itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, uuandike kwenye karatasi leo hii, ndipo uniletee mashine.