Mnapanda meli ya starehe na familia? Nguo za kupaki na za kuacha Mtwara

Mimi bahari naijua ya Shangani, ufukwe wetu wa hapa Mtwara, tu, unaenda na kanga yako, unalowa, unarudi nyumbani, hakuna kupaki. Sasa mwaka ule korosho zililipa vizuri wifi yangu anayeishi Durban akapiga simu, njooni mwezi wa 12 tupande meli usiku 4, zile kubwa kama ghorofa zinazotoka Durban zinaenda hadi visiwa vya Msumbiji zinarudi. Tukaenda sita, mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto watatu. Masanduku 5! Na nusu ya nguo zilirudi Mtwara zimekunjwa vile vile nilivyozikunja, wakati huo huo mtoto wangu wa mwisho analia kwa baridi sina sweta la kumvalisha. Kwa hiyo kama na nyie mna safari ya hivyo, shikeni haya.

Anza na begi la mkononi, usiliache mwisho. Mkifika bandarini yale mabegi makubwa wanayachukua palepale chini, yanawekwa lebo yenye namba ya chumba chenu halafu mtayakuta mlangoni baadaye, na baadaye yenyewe ni masaa, sisi ya kwetu yalikuja magharibi imeshaingia. Sasa watoto wameshapanda juu wameona bwawa, wenzao wanaruka majini, wewe nguo za kuogelea ziko kwenye sanduku hujui liko wapi, hapo utaitwa mama mbaya mpaka usiku. Kwenye hilo begi weka nguo za kuogelea za kila mtu, ndala, sweta moja moja, nguo ya ndani ya kubadili na ya kulalia, na dawa za wazee (za mama mkwe za presha nilizishika mimi mwenyewe). Pasipoti usizitoe humo kabisa.

Nguo ya baridi najua mtabisha. Desemba Durban kuna joto, Mtwara ndo usiseme, kwa hiyo mtu anapaki madera na vifulana basi. Ila ndani ya meli kiyoyozi kinapuliza kutwa kucha, na usiku ukitoka juu upepo wa bahari unakukuta umevaa kikoi chepesi, meno yanagongana. Sisi huku sweta tunalikumbuka mwezi wa 6 na wa 7 kusi likivuma, watu wa Newala nyie mnayo tayari hamna shida. Sweta moja kwa mtu linatosha, usinunue jipya, pita mtumba, na soksi pea 2 kwa watoto.

Kuhusu idadi, kosa langu nilihesabu siku. Siku 4 mara pea 2 mara watu 6, ndo masanduku 5 hayo. Hesabu shughuli. Mchana wote mtoto anashinda na nguo ya kuogelea na fulana juu, kwa hiyo gauni la mchana anavaa nusu saa tu ya kula. Nguo ya jioni anaivaa masaa 3, anaweza kuirudia kesho kutwa na hamna anayemjua mle ndani. Kwa usiku 4, mtoto: nguo za kuogelea pea 2, fulana 3, pensi 2, nguo za jioni 2, ya kulalia 1, chupi zidisha kwa sababu chupi hazijawahi kutosha. Mtu mzima toa hapo fulana moja. Nguo za kuogelea lazima ziwe mbili, chumbani hamna jua wala kamba ya uani, ya asubuhi inakuwa bado mbichi mchana na hakuna kitu kinaudhi kama kuvaa nguo mbichi ya baridi. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, ukibeba vile vijikulabu vya sumaku unatundika nguo ukutani, wifi ndo alinionyesha, nikaona aibu nilivyobeba misumari. Usicheke.

Taulo acha, wanatoa wao, za kuogea na za bwawani.

Pasi pia acha. Hawaruhusu, wanaogopa moto, ikikutwa kwenye begi inawekwa pembeni mpaka siku ya kushuka. Na kufuliwa mle unalipia. Kwa hiyo chagua vitambaa visivyojikunja, ile shati ya kitani ya baba watoto ilitoka sandukuni kama imetafunwa na mbuzi. Kitenge kinajikunja pia ila ukikiviringisha badala ya kukunja kinatoka na afadhali, halafu ukitundike bafuni mtu akioga maji ya moto ule mvuke unanyoosha.

Kwa kina mama tunaojistiri: bwawani hawataki dera wala kanga, wanataka kitambaa cha kuogelea chenyewe. Ile ya mikono mirefu na suruali na kofia yake inakubalika meli nyingi, ila ulizeni mapema mnapokata tiketi. Inunueni kabla ya safari, mle dukani mtauziwa kwa bei ya kulia. Mama mkwe yeye alikataa katakata kuingia majini, alikaa kivulini na doti yake ya kanga anakula aiskrimu, na nadhani alifurahi kuliko sisi wote.

Halafu kuna usiku mmoja wa kupendeza, watu wanavaa suti na magauni marefu, mnapigwa picha. Hapa watu wanaharibu pesa. Huna haja ya suti, sisi tulishona sare ya kitenge familia nzima, baba watoto akavaa kanzu na koti la mtumba juu, tukapendeza mpaka wazungu wakaomba kupiga picha na sisi. Ila kitambaa kipeleke kwa fundi mwezi mzima kabla na mdanganye tarehe, mwambie tunasafiri wiki mbili kabla ya siku yenyewe, maana unamjua fundi na "njoo kesho". Siku nyingine za jioni nguo ya kawaida ya kutokea inatosha, msiende tu na ndala au nguo ya kuogelea kwenye chakula cha usiku.

Siku ya kisiwani mnashushwa kwa boti ndogo, mchanga unawaka, jua halina mchezo. Kofia ya kufunga kidevuni, upepo unabeba, na fulana ya mikono mirefu kwa watoto. Kama una mtoto anayetapika kwenye kivuko cha Msangamkuu beba pea ya ziada na mfuko wa zipu, ingawa meli kubwa haichezi hivyo.

Mnapopaki msimpe kila mtu sanduku lake. Changanya, pea mbili za kila mmoja kwenye kila sanduku, likipotea moja njiani kuanzia Dar mpaka Johannesburg hakuna anayebaki uchi. Pea ya siku moja ifunge ndani ya kanga, unatoa furushi moja tu asubuhi, na kanga zenyewe ndo shuka la ufukweni.

Mwisho, usiku wa kuamkia kushuka. Mabegi makubwa mnayatoa nje ya mlango usiku, yanachukuliwa mkiwa mmelala, mnayakuta bandarini. Kwa hiyo kabla hujafunga zipu toa nguo za kesho za KILA mtu na viatu, weka kitandani, hesabu. Mimi nilihesabu watoto, nikamhesabu bibi, nikajihesabu mimi. Baba watoto alishuka Durban na msuli, fulana ya kulalia na lile koti la mtumba juu, na wifi bado anayo ile picha.