Kufufua wota pampu ya Land Rover ya zamani

Land Rover Series IIA na Series III zenye injini ya petroli ya cc 2286 bado zinapanda milima huku kwetu. Nyingi ninazopokea zikiwa zinachemsha, bodi (gamba la chuma) ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini, ni nzima. Kilichokwisha ni sili na beringi. Bodi ile usiitupe. Ukipata seti ya spea zake, yaani shafti iliyoungana na beringi, sili yenye pete ya kaboni, pangaboi la kusukuma maji na gasketi, siku moja ya kazi, ukiacha usiku wa kusubiri, inatosha kuirudisha kazini.

Anza kwa kuhakikisha ugonjwa ni huo. Chini ya pampu kuna tundu dogo. Likidondosha maji, sili imekufa. Shika feni uitikise mbele na nyuma; ikipwaya, beringi imekwisha. Tundu hilo usilizibe kwa silikoni hata siku moja, maana maji yakikosa njia ya kutokea yataingia kwenye beringi.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa kabla hujagusa mfuniko wa rejeta. Mwaga maji, legeza dainamo au altaneta, toa mkanda, feni na puli. Bolti za pampu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la pampu kwenye kadibodi, toboa, na kila bolti uichomeke mahali ilipotoka. Iliyoshikwa na kutu iache ilale na mafuta ya kulegeza hadi kesho. Ikikatikia ndani, utatumia muda mwingi kuichokonoa kuliko kufanya kazi yote iliyobaki.

Kupima, kabla ya kutoa chochote

Nakuomba usiruke hapa. Chukua venia, kile kipimo cha taya mbili, pima kutoka uso wa habu, pale feni inapofungwa, hadi uso wa bodi unaokaa kwenye injini. Andika namba hiyo. Habu ikirudi mahali pengine, mkanda utakwenda upande na feni inaweza kufikia rejeta. Kisha ingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya mapanga ya pangaboi na bodi, uandike na hiyo pia. Nafasi inayotakiwa ni kama nusu milimita.

Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limefungwa pampu iliyotoka kutengenezwa. Mjini halikuwa na shida, lakini kwenye mlima wa Kitonga lilichemsha kila safari. Mwenyewe alishabadilisha thamostati, ile vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, na kusafisha rejeta. Nilipofungua pampu, pangaboi lilikuwa limeachwa mbali na bodi, fila geji ya milimita 2 ikapita bila kugusa. Maji yalikuwa yanazunguka palepale badala ya kusukumwa.

Kutenganisha

Vuta habu kwa pula. Nyundo usitumie. Toa bolti ndogo iliyo ubavuni mwa bodi. Ndiyo inayoshikilia beringi, na wengi huisahau wakabaki kuibana presi hadi bodi ikapasuka. Weka bodi kwenye presi na usukume shafti kutokea upande wa pangaboi: shafti na beringi vitatokea mbele, pangaboi litabaki nyuma. Toa sili ya zamani, kwangua gasketi, safisha kutu hadi chuma kionekane. Kiti cha sili kikiwa kimeliwa na kutu, mpelekee fundi wa kukereza kabla hujaendelea.

Kurudisha

Beringi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha. Asubuhi chemsha bodi ndani ya sufuria ya maji kwa dakika 15, uitoe na kuikausha haraka. Moto wa gesi usiuelekeze kwenye bodi, unaweza kuipasua.

Mgongoni mwa beringi kuna tundu, na lazima litazamane na tundu la ile bolti ndogo. Ukishaibana beringi ndani huwezi tena kuizungusha. Mimi huchora mstari kwa kalamu ya wino mzito kutoka kwenye tundu la beringi hadi ukingoni, na mwingine kwenye bodi, halafu nashusha polepole mistari ikiwa imenyooka. Sukuma kwa bomba linalokaa kwenye gamba la nje la beringi. Ukisukuma kwa shafti, nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi inaumia kabla haijafanya kazi. Rudisha bolti ndogo na kishikizo chake.

Habu ndiyo inayofuata. Egemeza ncha ya nyuma ya shafti juu ya chuma, wala si bodi, kisha bana hadi ile namba uliyoandika.

Sasa sili. Uso wa kaboni usiuguse kwa vidole wala kuupaka grisi. Alama ndogo tu inatosha kuvujisha. Angalia pia uso wa pangaboi unaosuguana na kaboni. Pitisha ukucha juu yake: ukikwama kwenye mfereji, weka jipya. Ingiza sili, egemeza ncha ya mbele ya shafti, bana pangaboi huku ukipima kwa fila geji hadi nusu milimita pande zote. Zungusha kwa mkono. Izunguke kwa uzito laini, bila mkwaruzo.

Kufunga

Gasketi mpya, bolti kutoka kwenye kadibodi, kaza kwa kupishana. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa dole gumba ushuke kama sentimita 1. Jaza kulanti, yaani dawa ya rejeta inayozuia kutu, badala ya maji ya bomba matupu, kwa sababu kutu ndiyo iliyoila sili ya kwanza.

Washa gari, fungua hita ili hewa itoke, subiri thamostati ifunguke. Matone machache kwenye lile tundu dakika za mwanzo yasikutishe, kaboni inajipatia kiti. Lakini kesho yake, baada ya safari, pakiwa bado panalowa, ifungue tena.