Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuamua Kwamba Turbo Imekufa

Gari likipoteza nguvu, usikimbilie kuilaumu turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa kwenye silinda. Usiingize mkono chini ya boneti ya gari lililotoka safarini papo hapo. Upande wa turbo unaopokea moshi wa injini unaweza kupita nyuzi 500 za selsiasi gari linapopanda mlima na mzigo, na joto hilo haliondoki kwa dakika tano. Subiri lipoe kabisa.

Anza na mepesi. Pima oili. Fungua chujio la hewa ulitazame kwenye mwanga, hasa kama unapita barabara za vumbi za Njoro na Molo. Badilisha chujio la dizeli ikiwa hukumbuki lilibadilishwa lini. Hakikisha hakuna breki inayoshika, kwa maana ringi moja ikiwa moto kuliko nyingine baada ya mwendo mfupi, huenda injini haina kosa lolote.

Kisha andika kwenye karatasi jinsi nguvu zinavyopotea, kabla fundi hajakuuliza. Moshi mweusi kwenye gari la dizeli humaanisha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma huenda ukawa maji ya rejeta au dizeli isiyoungua. Andika pia ulikuwa wapi. Hewa ya Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ni nzito kuliko ya Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, na kazi ya turbo ni kuifidia injini upungufu huo. Kwa hiyo gari linalokimbia vizuri Kisumu lakini likachoka kabisa likifika Londiani linakuambia kwamba huenda hewa inayosukumwa haifiki kwenye silinda. Halikuambii inapotelea wapi.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimebeba mbolea kwa pikapu ya dizeli kutoka Nakuru kwenda Burnt Forest, na baada ya Salgaa gari likaanza kutoa moshi mweusi na kukataa kupanda. Fundi aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikaonyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, P0299, akasema turbo imekwisha. Kodi hiyo husema tu kwamba shinikizo la hewa ni dogo kuliko linalotarajiwa, lakini wakati huo sikujua, nikachukua pesa za karo ya muhula nikanunua turbo iliyotumika. Ikafungwa mchana, na kesho yake nikarudi mlima uleule na mzigo uleule, na moshi ukawa uleule.

Jumamosi nilitandika mkeka chini ya gari, kijana wangu akanishikia tochi. Mpira unaotoka kwenye kipoza hewa, kile mafundi wanachokiita intakula, ulikuwa mzima kwa juu. Kwa chini, karibu na klempu, yaani kibano kinachoushika, ulikuwa na utando wa oili ulioshika vumbi, na nilipoufuta nikaona mstari mwembamba kama uliochorwa kwa wembe. Nikaukunja mpira kwa mikono miwili, mstari ukafunguka kama mdomo wa samaki. Nikaachilia, ukajifunga usionekane tena. Injini ikiwa imetulia, ufa ule ulifungika. Mlimani, shinikizo liliupanua na hewa yote ikatokea hapo. Bei ya mpira mpya haikufika sehemu ya kumi ya nilizolipia turbo.

Basi toa kila mpira kati ya turbo na injini, uukunje kwa mkono, utazame upande wa chini na mahali klempu inapouma. Oili kidogo ndani ya mpira ni kawaida. Unyevu uliokamata vumbi kwa nje si kawaida. Usiridhike na kupaka maji ya sabuni kutafuta uvujaji huku injini ikinguruma polepole, kwa sababu wakati huo karibu hakuna shinikizo ndani ya mipira na hutaona povu. Hewa ijazwe kwenye mipira kwa kompresa yenye kidhibiti, isizidi bar 1, maana kompresa ya watengeneza magurudumu ikiachwa wazi itapasua hata kilicho kizima. Kagua pia vile vipaipu vyembamba vya vakumu, vinavyotumia mvuto wa hewa kuiongoza turbo, ambavyo hukauka na kukatika kimyakimya.

Ukimaliza hayo ndipo uishike turbo yenyewe, injini ikiwa imezimwa. Mhimili ukicheza kidogo sana upande kwa upande hakuna neno. Ukisogea mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ganda, hapo una kesi. Hesabu vitambaa na nati zako kabla ya kufunga, kwa kuwa mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na utavuta chochote ulichosahau. Turbo mpya itiwe oili kwenye tundu lake kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Simama hapo uone ikitiwa.

Na ukiona moshi mzito wa buluu kwenye gari la dizeli pamoja na oili inayopungua upesi, usiliwashe tena hata kulisogeza. Injini inaweza kuanza kuungua oili yake yenyewe ikapanda mwendo bila kuguswa, na kuzima swichi kusisaidie. Ikitokea ukiwa ndani ya gari la gia za mkono, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu na uachie klachi mpaka izime; ukiwa nje, waondoe watoto na usikae mbele ya boneti iliyo wazi.